Filamu ya dakika 6 na mtu wa kusimama baada yake: mwongozo wa kudai haki kwa kamera na kwa kinywa

Filamu yangu ya kwanza ya kudai haki ilikuwa ya dakika 34. Ilihusu kioski cha maji kilichokuwa kimefungwa kwa miezi katika kijiji kimoja cha Pwani ya Kenya, na niliionyesha palepale kijijini, kwenye shuka nyeupe iliyofungwa baina ya minazi miwili. Watu walicheka walipojiona, wakanyamaza alipotokea mama mmoja akipanda kilima na mtungi kichwani, na ilipokwisha wakapiga makofi. Kisha bibi aliyeketi mkekani mbele, mjukuu mapajani, akaniuliza: "Sasa mwanangu, haya yote sisi tunayajua. Umetuonyesha ili tufanyeje?"

Sikuwa na jibu. Nikasema asanteni kwa kuja, nikaanza kukunja nyaya.

Tangu usiku ule nafanya kazi kwa namna nyingine. Filamu inaweza kuwafanya watu mia mbili waone jambo moja kwa wakati mmoja, na hilo si dogo. Haiwezi kuuliza swali, haiwezi kujibiwa, na afisa akitoa ahadi haiwezi kumwomba aitaje tarehe. Hizo ni kazi za kinywa. Kwa hiyo siku hizi naitengeneza filamu fupi iliyoachwa wazi mwishoni, ikiisha mtu asimame aijaze. Hata kijiji kile nilikirudia kwa njia hii. Hatua zenyewe ni hizi.

1. Andika dai kabla hujagusa kamera

Chukua karatasi uandike sentensi moja: tunataka nani, afanye nini, kabla ya lini. "Serikali itusaidie maji" si dai, ni dua. "Tunataka idara ya maji ya kaunti iweke pampu kwenye kioski chetu, na fedha zake ziingie kwenye bajeti inayopitishwa mwezi wa Juni" ni dai, kwa sababu mtu akilikataa itajulikana amekataa.

Wengi hukosea kwenye "lini". Nchini Kenya kalenda ya fedha imewekwa kisheria: makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Filamu nzuri ya pampu inayokamilika mwezi wa Julai imekuta chakula kimeshapakuliwa. Hesabu kurudi nyuma: kama vikao vya wananchi kuhusu bajeti vitakuwa Aprili au Mei, maonyesho yako yawe Machi, kuhariri Februari, kupiga picha Januari. Kama dai lako linahusu ardhi ya kijiji upande wa Tanzania, tafuta mkutano mkuu wa kijiji utaitishwa lini, kwa sababu pale ndipo mwanakijiji yeyote aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusikilizwa.

Kisha tafuta karatasi. Kabla hujamhoji mtu yeyote, omba taarifa kwa maandishi: mradi ulitengewa kiasi gani, nani alipewa kandarasi, umefika wapi. Sheria ya Kenya ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu, au saa 48 kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Hata wasipojibu, hiyo nakala yenye muhuri na tarehe ni picha nzuri kuliko mahojiano mengi.

2. Mpate mwenye jambo

Usitafute anayelia vizuri. Tafuta anayejua bei. Katika kijiji kile nilihoji watu 11, na aliyebeba filamu nzima ni mama aliyesema, bila kupandisha sauti: kioskini mtungi ulikuwa shilingi 5, kwa mwenye mkokoteni ni 30, nyumbani kwake wanatumia mitungi sita kwa siku, "sasa wewe piga hesabu." Hadhira yote ilipiga hesabu. Nilisikia watu wakinong'ona mia moja na themanini.

Na kama inawezekana, mpe kamera mwenyewe. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alirekodi kwa miaka kadhaa maisha ya shamba lake na familia yake, ikiwemo dhoruba iliyoiharibu nyumba yao. Kanda zake na zile za mwongozaji Julia Dahr wa Norway zilizaa filamu *Thank You for the Rain* ya 2017. Kabla hata filamu haijatoka, mwaka 2015, Kisilu alikuwa ameshafika Paris kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, akazungumza kwa mdomo wake. Mtu aliyezoea kuisimulia hali yake mbele ya kamera huwa amefanya nusu ya mazoezi ya kuisimulia mbele ya watu.

3. Ridhaa, na usalama wa uliyemwonyesha

Fomu ya kutia sahihi ina kazi yake mahakamani. Kijijini, watu huitia sahihi kwa adabu tu. Mimi huuliza maswali matatu kamera ikiwa inarekodi. Unajua itaonyeshwa wapi? Nani akiiona utapata tabu? Ukibadili nia kesho, utaniambia kwa njia gani? Swali la pili ndilo hufungua mambo. Mzee mmoja aliyekuwa amekubali kila kitu alisita hapo, akasema mwanawe ameajiriwa na mtu tuliyekuwa tukimlalamikia. Tukamwondoa kwenye filamu, tukabaki naye kama mshauri.

Kumficha mtu ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Unatia ukungu usoni, lakini sauti ni yake, kanga ni ileile aliyoivaa harusini, na nyuma yake kuna mwembe ambao kijiji kizima kinaujua ni wa nani. Ukiahidi kumficha, mrekodi ndani, mbele ya ukuta mtupu, mikono tu ionekane, maneno yake asome mtu mwingine. Zima pia huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga, maana faili huweza kubeba alama ya pale ilipochukuliwa. Mtoto haonyeshwi bila idhini ya mzazi, na mtoto aliyetendewa ukatili haonyeshwi hata mzazi akiidhinisha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa mujibu wa zote mbili, sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi kabla hazijawa zako.

4. Vibali, kwa ufupi

Filamu ya kuonyeshwa hadharani ina sheria zake. Kenya ni Sura ya 222 ya sheria za nchi, na bodi inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji ni KFCB. Tanzania ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Uliza mapema, uliza kwa barua. Ukinyimwa bila sababu ya maana, barua ya kukunyima iweke kwenye faili, itakuja kukufaa.

5. Kupiga picha: anza na masikio

Picha yenye ukungu watu huisamehe. Sauti mbovu hawaisamehe, na kijijini sauti itapitia spika kuukuu, upepo na watoto. Nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, yenye waya, ya kuchomeka kwenye simu. Ni rahisi kuliko kila kitu kingine kwenye orodha yako. Ikiwa upepo unavuma, ivishe kipande cha soksi safi. Mhoji mtu ndani ya nyumba ya makuti au chumba chenye magodoro na nguo, kwa maana vyumba vya saruji vitupu hurudisha mwangwi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, vinginevyo shemeji atapiga katikati ya sentensi bora ya siku.

Laza simu, usiisimamishe. Safisha lenzi kwa shati lako; nusu ya picha zinazoonekana "za simu mbovu" ni mafuta ya vidole. Chagua ubora wa 1080 na fremu 25 kwa sekunde kama programu yako inaruhusu, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za tyubu hupepesa zikirekodiwa kwa fremu 30. Kwa ubora huo jibaiti moja inakwisha kwa dakika saba au nane hivi, basi nenda na memori kadi yenye nafasi na pawabenki iliyojaa.

Mahojiano peke yake yanachosha. Kwa kila jambo analotaja msimulizi, piga picha zake: mkono ukifungua bomba lisilotoa kitu, kufuli la kioski lenye kutu, foleni ya mitungi ya manjano, risiti, noti ikipita mkono hadi mkono. Shikilia kila picha kwa sekunde 10 bila kutikisika. Sekunde 10 ni ndefu mno unapokuwa umesimama juani, hesabu kwa sauti ya moyoni.

Mpe nafasi pia unayemlalamikia. Mwandikie, mpe siku za kujibu, mrekodi akikubali. Akikataa, sema kwenye filamu kwamba tarehe fulani tuliomba maelezo na hatukupata. Huo ni uungwana, na ni kinga dhidi ya kesi ya kumchafulia mtu jina.

6. Kuhariri hadi dakika 6

Andika kwenye daftari kila alichosema msimulizi, pamoja na dakika na sekunde. Pigia mstari sentensi zinazobeba dai. Zilizobaki, hata zikiwa tamu kiasi gani, ziache. CapCut au KineMaster kwenye simu inatosha. Mwenye kompyuta anaweza kutumia DaVinci Resolve bila malipo. Tia maandishi chini ya picha hata kama filamu ni ya Kiswahili, kwa ajili ya wasiosikia na kwa wale watakaoitazama kwenye matatu bila sauti.

Muziki wa huzuni uondoe. Najua, unavutia. Lakini unamwambia mtazamaji ahurumie, na anayehurumia hutoa sadaka kisha akaenda zake.

Sasa ile nafasi wazi. Filamu isiishie kwa majibu, wala kwa jua likizama. Iishie kwa picha ya kitu kinachosubiri: kwetu ilikuwa msingi wa saruji ulio wazi ndani ya kioski, mahali pa pampu, boliti nne zikiwa zimetokeza. Sekunde 8, kimya. Kisha nyeupe. Usiweke majina ya waliotengeneza. Utayataja kwa mdomo baadaye. Shuka ibaki nyeupe, na mwanga wa projekta umwangukie anayesimama.

7. Dakika 3 za kusimama

Anayesimama ni yule aliyeonekana kwenye filamu. Asiwe mwenyekiti wa kikundi, na wewe mwenye kamera hasa usisimame. Mtu akitoka kwenye shuka akawa mwili, anapumua, anaangaliana na afisa, jambo hubadilika mkekani. Josephat Torner, Mtanzania mwenye ualbino ambaye filamu *In the Shadow of the Sun* ya 2012 ilimfuata, alikwenda mwenyewe kwenye jamii ambako watu kama yeye walikuwa wakiwindwa, akakaa, akazungumza nao uso kwa uso. Shuka haiwezi kukaa na mtu hivyo.

Tunajiandaa jioni tatu. Ya kwanza, msimulizi anasema tu, mimi naandika. Ya pili, tunapunguza hadi mambo manne: mimi ni nani, kinanigharimu nini, karatasi inasema nini, nataka nini na lini. Ya tatu, anasema akiwa amesimama, jirani akimkatiza makusudi. Hasomi. Karatasi pekee mkononi mwake ni ile ya ushahidi.

Hotuba zetu zinauawa na itifaki. Dakika mbili za "Mheshimiwa fulani, mwakilishi wa fulani, mabibi na mabwana" na hadhira imeshaanza kupapasa simu. Adabu lazima ibaki, salamu ni salamu, ila iwe moja kwa wote. Mama wa mtungi alisema hivi, nami niliyanakili maneno yake:

"Hamjambo wenzangu. Shikamooni wazee. Yule mliyemwona akipanda kilima ni mimi. Njia ile nimeipita tena leo. Kwa siku natoa shilingi 180, mume wangu akipata kibarua analipwa 500. Kioski chetu kina tangi, kina mabomba, kimekosa pampu. Pampu iliandikwa kwenye bajeti, karatasi hii hapa, mwenye macho aje aisome. Mheshimiwa, mimi sikulaumu. Nakuuliza: itawekwa lini?"

Kisha akanyamaza. Tulifanya mazoezi ya kunyamaza zaidi kuliko ya kusema. Mtu akiuliza swali kama lile, hofu humfanya aendelee kuongea, amwokoe aliyeulizwa. Tulimfundisha ahesabu boliti nne kichwani, taratibu, mara mbili.

Lugha ni ile ya mkekani. Kama wazee wanaelewa zaidi Kigiriama au Kidigo, aseme hivyo, mtu mwingine amfasirie mgeni. Tarakimu zisizidi tatu. Methali moja inatosha, nayo iwe ile anayoitumia nyumbani kwake. Na mwanasiasa akitaka kipaza sauti "asalimie tu", mpe muda baada ya swali kujibiwa. Mwekee kijana imara karibu na spika.

Kwenye vikao rasmi vya kaunti vya kukusanya maoni mambo ni yaleyale, ila kila mmoja anaweza kupewa dakika 2 au 3 tu. Gaweni: mmoja aseme gharama, wa pili karatasi, wa tatu aulize. Mkisema wote jambo moja, katibu ataliandika mara moja.

8. Usiku wa maonyesho

Hapa kuna mtego. Sheria ya Kenya ya mikutano ya hadhara, Sura ya 56, inataka polisi waarifiwe siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na muda unaotajwa uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Filamu inataka giza. Njia yangu ni kufanya maonyesho kama shughuli ya kikundi kilichosajiliwa, ndani ya uwanja wa shule, kanisa au madrasa, na bado nampelekea OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na chifu barua ya kuwaarifu. Mara mbili polisi wamekuja. Mara zote mbili walionyeshwa barua, wakaketi, wakatazama.

Anza baada ya sala ya isha, akina mama wawe wameshapika. Kama hawawezi kutoka usiku, fanya mchana ndani ya darasa lililofunikwa madirisha kwa kanga nzito. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha nje usiku. Jenereta iwe mbali, mita 30 au zaidi, nyuma ya ukuta. Mara yangu ya kwanza niliiweka nyuma ya shuka na hakuna aliyesikia neno. Jaribu kila kitu jana yake, kwa saa ileile.

Usiogope watu wakiongea filamu inapokwenda. Sisi tumelelewa na kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyesha filamu, na DJ Afro anayezisimulia filamu za kigeni kwa lugha yetu; kuijibu picha ndiyo namna yetu ya kutazama. Ndiyo maana filamu yenye vinyamazo vifupi hufanya vizuri kuliko iliyojaa maneno.

Utaratibu: salamu, filamu, msimulizi, swali, jibu la afisa, kisha wananchi. Kijana mmoja aketi na daftari, kazi yake ni kuandika ahadi tu, na kuisoma kwa sauti mara inapotolewa: "Umesema pampu, kabla ya tarehe 15 mwezi ujao. Nimeandika sawa, Mheshimiwa?" Ule usiku wa pili afisa alijaribu "hivi karibuni". Yule bibi wa swali la kwanza, bado yupo mkekani mbele, akamwambia, "Hivi karibuni ni siku gani?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akataja tarehe. Aliivuka kwa wiki tano. Lakini tulikuwa na tarehe ya kumfuatia, na katika wiki hizo tano daftari lilipelekwa ofisini mara nne.

Afisa asipokuja, mwekee kiti mbele, kitupu, na umwulize hivyohivyo.

9. Baada ya hapo

Kata toleo la dakika moja kwa ajili ya WhatsApp, lenye swali na tarehe. Filamu nzima itume kama dokumenti, maana ikitumwa kama video ya kawaida itabanwa mpaka maandishi yasomeke kwa tabu. Peleka nakala kwa mwakilishi wadi, kwa kamati ya bunge la kaunti inayohusika pamoja na ombi la maandishi lenye sahihi, na kwa redio ya jamii: sauti ya msimulizi bila picha ni kipindi tosha.

Kisha hifadhi. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu, walianza kupaza sauti pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido mwaka 2009. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka 15. Simu uliyopigia picha haitakuwepo, huenda na wewe utakuwa umehama.

Kwa hiyo usifute faili asilia, hata baada ya kuhariri. Usibadilishe jina lake kabla ya kuandika pembeni jina la awali, tarehe, simu iliyotumika na aliyepiga. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa, na wakili hataweza kukiandika kwa kubahatisha. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Za kioski kile ziko kwenye diski mbili: moja kwangu, nyingine kwa katibu wa kikundi, ndani ya bati la biskuti, pamoja na lile daftari la tarehe.